Ukungu Kwenye Monita

Kayanga,
15 Septemba 2025

Shangazi yangu Evaresta,

Shikamoo! Nakuandikia nikiwa kwenye kiti changu, ndani ya duka letu, na ng'ambo ya barabara naona cheche za mume wangu zikiruka chini ya bati. Mume wangu! Wiki mbili na siku mbili tangu harusi na bado sijachoka kuliandika neno hilo. Jana nililijaribu kwenye karatasi ya kopi iliyoharibika, nikaujaza nalo ukurasa mzima, kisha nikaichana kabla mteja hajaingia.

Uliponiambia siku ya kunifunda kwamba mambo ya ndani tuandikiane barua, nilicheka. Sasa nimekuelewa. Juzi nilipokupigia na kusema, "Shangazi, umeamkaje?" nilijibiwa na watu watano, na mmoja akaniuliza kama nimeshapata ujauzito. Simu yako tangu itumbukie kwenye ndoo haisikiki bila spika kubwa, na kibanja kizima, toka nyumbani hadi migombani, kinakuja kusikiliza. Basi barua zangu atazileta Sibomana kwenye Hiace yake. Ameahidi kuziweka juu ya dashibodi mbali na samaki.

Hapa sote wazima. Baba mkwe Mzee Polikarpi yuko Rugu, ana nguvu. Unajua haoni kabisa, lakini tulipokwenda kumsalimia alinishika kiganja akasema, "Huyu ndiye Placidia, ana mkono wa mtu wa kuandika." Nilitamani kulia kwa furaha.

Sasa nikwambie habari yenyewe. Unaikumbuka ile monita kubwa ya dukani, ile inayotazama upande wa mteja? Mimi nachapa kwenye laptop, mteja anasoma maneno yake yakitokea kwenye monita, akiona kosa ananisimamisha. Watu wanaipenda mno. Kuna wazee wanaokuja kuchapisha barua ya mpaka wa shamba na wanaikalia mbele kama wanatazama mpira.

Basi jana baada ya ibada Dastan alinifumba macho kwa kanga, akanishika mkono mpaka dukani. Wiki nzima nilikuwa nalalamika kwamba mfumo wa kompyuta umezeeka, unadai kusasishwa. Kumbe yeye, mchomelea vyuma ambaye kompyuta anaifahamu kwa kuipangusa vumbi, alikaa hapo tangu Jumamosi mchana akifuata maelekezo kwenye simu, hatua kwa hatua, akaniwekea mfumo mpya. Peke yake! Kwa ajili yangu! Akafungua kanga, akasema, "Tazama, mke wangu."

Nikatazama. Shangazi, kila kitu kilikuwa kipya na kizuri, rangi, picha, kila kitu. Isipokuwa herufi za kwenye monita. Zilikuwa na ukungu. Zimevimba, kingo zimelegea, kama maandishi ya wino yaliyodondokewa na mvua. Kwenye laptop ziko sawa, kwenye monita hapana.

Akaniuliza, "Inaonekana vizuri?" Uso wake ulikuwa umejaa matumaini kiasi kwamba ulimi wangu ulitafuta maneno yako mwenyewe: kitu cha kwanza mume anachokuletea ndani ya nyumba kipokee kwa mikono miwili na ukisifu, mwaka wa kwanza hauna kasoro. Nikasema, "Inang'aa kama maji ya kisima!" Akanibeba, Shangazi. Akanizungusha mbele ya mashine ya kopi.

Nilifanya vizuri, sivyo?

Mwanao mwenye furaha kupita kiasi,
Placidia


Songambele,
28 Septemba 2025

Placidia mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilinifikia ikinuka samaki, kwa hiyo ahadi ya Sibomana uijue thamani yake. Sisi hatujambo. Kahawa ya mwisho iko juu ya mkeka, mvua inatuchungulia kila alasiri na mimi nakimbia nayo kama mwendawazimu. Mbuzi yule mweusi kazaa wawili. Mama yako amepona kikohozi na ameanza tena kugombana na kuku wa Mukabera, jirani yetu, ndiyo maana najua amepona.

Ulifanya vizuri. Mwanaume aliyekaa siku nzima kwa ajili yako haambiwi "lakini." Hivyo ndivyo nilivyofundwa na ndivyo nilivyoishi na marehemu Apolinary miaka kumi na miwili. Hakuna siku aliyoondoka nyumbani akiwa ameinamisha kichwa kwa sababu yangu.

Kuhusu hicho kioo, kipanguse. Vitu vipya huwa na mafuta ya kiwandani. Kisipotakata, zoea. Mimi nimezoea mengi.

Miguu yangu imevimba kidogo, ni ya siku zote, usiulize.

Msalimie Dastan. Mwambie kile kitanda alichotuchomelea hakijalia hata mara moja.

Shangazi yako,
Evaresta


Kayanga,
12 Oktoba 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo nyingi. Nimefurahi mbuzi kuzaa! Mpe mmoja jina langu, kama ni jike na ana adabu.

Nimekipangusa kioo. Nimekipangusa kwa kitambaa kikavu, kwa kitambaa chenye maji, kwa pamba. Nimechomoa waya na kuuchomeka upya. Nimeazima waya mwingine kwa Winston, yule fundi wa simu wa chumba cha pili, ukungu ukabaki palepale. Winston akaja, akakodoa macho, akasema, "Dada, monita imekufa hii. Inakufaga polepole, kama betri. Nunua nyingine." Nikamwambia ikifa nitamwita aje kuzika, kwa sasa aniachie. Yote haya nayafanya Dastan akiwa kazini, maana akiniona nimeshika kitambaa ataelewa.

Na wateja nao! Karatasi ikitoka kwenye printa ni safi kabisa, lakini hawaamini. Mama mmoja wa Rugu alikataa barua yake isichapishwe. "Siwezi kupeleka kwa mwenyekiti barua yenye mtoto wa jicho," akasema, watu wakacheka. Siku hizi nimeigeuza monita itazame ukuta, nikisikia hatua za Dastan naigeuza tena. Nimekuwa hodari, nusu dakika tu!

Lakini hayo ni madogo. Ngoja nikwambie makubwa. Shangazi, sikujua mwanaume anaweza kupenda namna hii. Siku hizi Dastan ananiangalia. Jioni tukishakula ananishika kidevu, anageuza uso wangu kwenye mwanga wa taa, ananitazama muda mrefu, paji la uso, nyusi, kidoti kilichoko chini ya jicho. Nikimuuliza, "Unatafuta nini?" anasema, "Nakukariri." Ananikariri! Nimeliandika neno hilo nyuma ya kalenda.

Amekuwa pia wa kwenda Rugu kwa baba yake kila Jumapili, hata bila mimi, na anakaa hadi jua linaelekea kuzama. Zamani alikwenda mara moja kwa mwezi. Nikamwambia Mzee ana bahati ya kuwa na mtoto kama huyu. Mzee mwenyewe alinisimulia jinsi macho yalivyomwacha akiwa na miaka arobaini na moja. Alikuwa mwalimu wa kwaya, ukungu ulianzia kwenye kitabu cha nyimbo, akadhani kitabu kimechakaa. Anasimulia huku anacheka, ana moyo mkubwa yule mzee.

Na Dastan ana michezo! Juzi nilimkuta uani amefumba macho, anatembea toka mlangoni hadi kwenye pipa la maji, anahesabu hatua. "Kumi na nne," akasema, akarudi, akajigonga kwenye ngazi. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka sana, lakini alitabasamu.

Kazi ngumu za kuchomelea anamwachia mwenzake Fidele. Anasema anataka mikono yake ipumzike. Na kila akipita dukani ananiuliza, "Herufi zinaonekana vizuri kwako?" Mara ya tatu sasa. Nami kila mara namjibu, "Kama maji ya kisima." Anaitikia kwa kichwa, ananibusu kwenye utosi, anatoka.

Nani ameolewa kama mimi? Nijibu upesi.

Placidia wako


Kayanga,
2 Novemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tatu sina barua yako. Nimeambiwa Hiace ya Sibomana imelala gereji na kwamba barua yangu ya mwezi uliopita bado imo ndani yake, imefungiwa. Hii nampa mama mmoja wa usharika wetu anayekuja Songambele msibani kesho kutwa, lakini anasema atapitia Nkwenda kwanza kwa binti yake, kwa hiyo sijui utaipata lini.

Huku wazima. Mvua zimekolea, ndizi zimenenepa, senene wameanza kuonekana kwenye taa za stendi na watu wamekuwa kama watoto.

Nina habari mpya, na nikikaa kimya nitapasuka. Dastan anaacha kuchomelea! Wiki hii anamkabidhi Fidele mashine, kofia ya kioo, mitungi, kila kitu. Nilidhani ni utani. Nikamuuliza sababu, akasema, "Nataka niwe karibu na wewe dukani. Utanifundisha kupiga kopi. Kitufe kimoja, hata mtu aliyefumba macho anaweza."

Kwa ajili yangu! Watu wote wanaijua kazi yake, mageti yote mazuri ya barabara ya Kayanga ameyachomelea yeye, na anaacha ili akae pembeni yangu. Ni kweli kwamba usiku ule hakula. Ni kweli pia kwamba Fidele alipokuja kushukuru, Dastan alitoka nje. Lakini kuacha jambo ulilolizoea ni kugumu, hata kama ni kwa mapenzi. Sivyo?

Shangazi, kwa nini nimeandika "sivyo" na mkono wangu umesimama hapo? Nijibu.

Placidia


Songambele,
9 Novemba 2025

Placidia,

Barua zako mbili zimenifikia jana, zote kwa wakati mmoja. Sibomana ametoka gereji, na yule mama wa msibani ameshuka kwenye gari hilohilo. Nimezisoma ya kwanza na ya pili, kisha nimerudia ya kwanza, na chakula kikaungua jikoni.

Sitakusalimia sana. Barua hii anaileta Nshimiyimana, anayetulimia kibanja. Kesho anakuja Kayanga kufuata dawa ya ng'ombe na nimemwambia aje kwako kabla ya dawa. Ningepiga simu, lakini hili halisemwi kwa spika kubwa.

Mwanangu, mwanaume anayefumba macho na kuhesabu hatua toka mlangoni hadi kwenye pipa hachezi. Anajifunza. Mwanaume anayekwambia "nakukariri" anaogopa kwamba siku inakuja hatakuona. Anakwenda kwa baba yake kila Jumapili kwa sababu anataka kujua kipofu anaishije. Anaacha kuchomelea kwa sababu anaamini moto ule, juu ya damu ya baba yake, umemmaliza macho.

Na kwa nini anaamini? Kwa sababu anatazama kioo chako na anaona ukungu. Anamuuliza mkewe, ambaye ana macho mazuri, "Kwako zinaonekana?" Na mkewe anamjibu mara tatu kwamba zinang'aa kama maji ya kisima. Angeamini nini kingine? Baba yake alianza hivyohivyo, na kitabu.

Usijilaumu peke yako. Wewe ulitii. Mimi ndiye niliyekufunda, na nitakwambia ambalo sikukwambia siku ile kwenye mkeka.

Krismasi ya kwanza ya ndoa yangu Apolinary alikwenda Bukoba, akaniletea viatu vyekundu. Namba tano. Mimi navaa saba. Shangazi yangu alikuwa amenifunda kama nilivyokufunda wewe, basi nikavipokea kwa mikono miwili, nikavivaa, nikasema vimenikaa kama vimepimwa. Nikaenda navyo kanisani nikitabasamu, na kucha mbili zikatoka. Apolinary alifurahi mno. Kila Krismasi akaniletea vingine, namba tano. Miaka kumi na mmoja, Placidia. Mwaka wa kumi na mbili alikufa mwezi wa kumi. Vidole vyangu unavijua vilivyopinda, na watu wote hapa wanadhani ni baridi yabisi. Nililia nilipomzika, lakini miaka mingi baadaye ndipo nilipojua nililia nini. Alikufa hajui mguu wangu. Nilimnyima kunijua, nikaita hiyo heshima.

Hayo sijamwambia mtu. Ichome barua hii au itunze, utakavyo.

Mwambie Dastan leo. Usimpikie kwanza, usitafute saa nzuri. Mwambie kile unachokiona kwenye kile kioo.

Evaresta


Kayanga,
12 Novemba 2025

Shangazi, Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, na kasinge waitu, asante sana! Sijui nianzie wapi, nimechana karatasi mbili tayari.

Nshimiyimana alifika Jumatatu saa kumi, buti zake zina tope hadi magotini. Nilisoma barua yako nimesimama. Nilipofika kwenye "hachezi" nilikaa sakafuni, katikati ya duka, na mteja mmoja aliyekuja kupiga picha za pasipoti akaondoka kimyakimya. Nikaugeuza uso wa monita utoke ukutani, nikavuka barabara. Sikuvaa hata viatu. Dastan alikuwa amekaa juu ya ndoo, anamtazama Fidele akifanya kazi ambayo ni yake.

Nikamwambia, "Njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo tu."

Nikamkalisha kwenye kiti cha mteja. Nikafungua barua moja kwenye kompyuta, yenye mistari mingi. Nikamwambia, "Dastan, herufi hizi zina ukungu. Zimekuwa na ukungu tangu ile Jumapili ya kanga. Mimi sizisomi vizuri. Winston hazisomi, wateja hawazisomi. Nilikudanganya."

Nilidhani atanikumbatia, Shangazi, mimi nilivyo mjinga. Alinitazama kama mtu anayesikia lugha ngeni, kisha akasema polepole, "Na wewe unaona ukungu?"

"Naona."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Akasimama. "Miezi miwili," akasema. "Nimejifunza kutembea kipofu ndani ya nyumba yangu. Nimekwenda kwa baba, nikamuuliza kipofu anajuaje kama mtoto wake anatabasamu. Nimemkabidhi Fidele mkate wangu. Na wewe ulikuwa unaona ninachokiona?"

Nikasema, "Shangazi alinifunda kwamba..."

"Shangazi ndiye niliyemuuliza? Shangazi alikuwa humu?"

Ni kweli, hakuwa amemuuliza Shangazi. Alitoka. Alikwenda nyuma ya duka, akasimama kwenye mvua nyembamba akitazama ukuta wa jirani. Sikumfuata. Nilitaka kumfuata, miguu ilitaka, lakini niliona kwamba nimemfanyia jambo ambalo halifutwi kwa kumshika mkono. Nilikaa mbele ya zile herufi zilizovimba, nikalia hadi laptop yenyewe ikawa na ukungu.

Alirudi amelowa. Hakuniangalia. Akasema kwa sauti kavu, "Sogea. Kama si macho yangu, basi ni kitu. Na kitu hutengenezwa." Akaigeuza monita, akaiangalia mgongoni kama anavyoangalia geti kabla ya kulikata. Kuna karatasi ndogo imebandikwa pale nyuma, maandishi yake madogo kuliko punje za ulezi. Akainama, akaanza kusoma kwa sauti: "Elfu moja mia tisa na ishirini kwa elfu moja na themanini." Akaendelea. "Usifungue kifuniko. Hatari ya umeme. Weka mbali na maji." Akasoma namba ya kiwandani, tarakimu kumi na mbili, moja baada ya nyingine. Akasoma volti. Kisha akasita katikati ya neno, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Plasi," akasema, "nasoma."

"Unasoma," nikasema.

"Hata mimi sijui kama ningeweza kuyaona haya nikiwa na miaka kumi." Alikuwa anacheka na kulia pamoja, paji la uso limegusa mgongo wa monita. Tangu siku ile hakuwa amesoma kitu kidogo, Shangazi! Alikuwa anaogopa kujaribu. Kila alipotazama mbali na kuona ukungu wa mvua alidhani ni wake.

Ndipo nilipoanza kufikiri kama mtu mwenye akili. Nikamwambia arudie ile namba ya kwanza. Ile ndiyo idadi ya vidoti ambavyo monita imetengenezwa kuonyesha, kwa upana na kwa kimo. Nikafungua mipangilio ya kompyuta, sehemu ya skrini, kitu ambacho kwa miezi miwili sikukifungua kwa sababu nilikuwa nashughulika kupangusa na kuficha. Shangazi, kumbe mfumo mpya ulipoingia ulizifanya skrini mbili kuwa pacha. Chochote cha laptop ulikinakili kwenye monita, kwa vidoti vichache vya laptop, elfu moja mia tatu na kitu. Kisha ukavivuta vijae kioo kikubwa, kama mtu anayevuta chapati ya watu wawili iwatoshe kumi. Hata wewe ungevimba!

Nikazitenganisha, kila skrini ijitegemee. Nikachagua namba ileile aliyoisoma Dastan. Picha ikakatika, monita ikawa nyeusi, Dastan akanishika bega kwa nguvu, ikarudi. Menyu zikawa kali kama kisu! Lakini barua yenyewe bado ilikuwa imevimba kidogo. Tukatazamana. Nikaona kwamba ukuzaji nao umewekwa asilimia mia na hamsini, nikaushusha hadi mia kwa monita peke yake. Nikaifunga ile programu ya kuchapia, nikaifungua upya, nikaiburuta barua hadi upande wa monita.

Kila herufi, Shangazi! Kila nukta juu ya kila i! Dastan akaisoma barua nzima kwa sauti, nayo ilikuwa barua ya mtu anayeomba kuhamishiwa nguzo ya umeme, na sijawahi kusikia maneno matamu kama yale.

Lakini nikwambie kweli, kwa kuwa sasa tunaambiana kweli: hakunisamehe palepale. Usiku alikula nusu, akasukuma sahani. Akaniambia, "Mke wangu, sitaki kusifiwa. Mimi nikichomelea geti likapinda, Fidele ananiambia limepinda, nalikata. Nyumbani nimuulize nani?" Nikamwambia aniulize mimi. Akasema, "Tutaona." Neno hilo limeniuma na ninalistahili.

Jana Jumanne tulikwenda pamoja kliniki ya macho. Daktari alimpima presha ya macho yote mawili, akamsomesha ubao hadi mstari wa mwisho. Mazima. Amesema kwa kuwa baba aliugua, apimwe kila mwaka, na asichomelee hata nukta moja bila kofia. Nimekaa naye kwenye benchi kwa muda wa saa tatu na sikumwambia hata mara moja kwamba nina hakika kila kitu kitakuwa sawa. Nilimwambia naogopa. Ndipo aliponishika mkono.

Tukapita kwa Fidele kudai mashine. Alikuwa ameshaanza kuandika jina lake ubavuni kwa rangi ya mafuta, amefika FIDE. "Kaka," akasema, "ungechelewa hadi saa nane ningekuwa nimemaliza." Dastan akamwambia rangi aiache, iwe kumbukumbu, akavaa kofia. Sasa hivi naandika, na zile cheche zinaruka.

Barua yako sijaichoma.

Placidia


Songambele,
23 Novemba 2025

Placidia mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne na sasa inaanza kuchanika kwenye mkunjo. Mama yako aliniuliza nacheka nini peke yangu, nikamwambia nguzo ya umeme.

Wote wazima. Nakutumia kopo la senene, wamekaangwa bila kitunguu kama unavyopenda. Sibomana asikwambie kopo lilikuwa nusu. Lilikuwa limejaa.

Dastan akisema "tutaona," mwache aone. Hayo huchukua muda wake, na muda mnao. Mwambie mimi pia namwomba radhi, na si kwa kupitia kwako tu. Nikija nitamwambia mwenyewe.

Jumamosi ya tarehe sita mwezi ujao tunamfunda Agnetha, binti wa Mukabera. Anaolewa Rugu. Wanawake wamenijia kama kawaida niwe wa kwanza kusema, mimi ndiye mkubwa. Tangu waondoke nimekaa na jambo hili. Nimejaribu maneno mapya mbele ya mbuzi na hayatoki. Ya zamani yanatoka yenyewe, kama sala, na sitaki yatoke.

Kwa desturi, aliyeolewa chini ya mwaka haketi kwenye mkeka wa wafundaji. Nimewaambia wanawake kwamba safari hii ataketi. Wawili wamenuna, watazoea au hawatazoea.

Njoo Ijumaa, ulale kwangu. Mimi nitamwambia Agnetha habari za wakwe, za kibanja na za kuamka mapema. Tukifika kwenye somo la kupokea, nitanyamaza. Utasema wewe.

Shangazi yako,
Evaresta